Nimepakia data za samaki wetu OBIS, haya ndo niliyokutana nayo

Kwanza niseme mimi sio mtu wa kompyuta. Mimi ni mtu wa samaki niliyegeuzwa mtu wa data kwa sababu tu siku ya kikao nilichelewa, na waliowahi walishagawana kazi tamu zote (safari za kupiga mbizi, warsha, hizo hizo). Iliyobaki ilikuwa kuandika sehemu ya nchi yetu kwenye mpango wa data wa mradi wa kikanda wa utafiti wa ikolojia ya bahari huku magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani kila nchi ieleze data zake zitakaa wapi, atazitunza nani, na nani ataruhusiwa kuziona. Nikaambiwa andika kurasa mbili tatu tu. Hizo kurasa mbili tatu zimenila mwaka na ushee, na katika kuhangaika huko ndo nikaingia OBIS, nikaitumia kwelikweli sio kuichungulia. Watu wananiuliza sana inboksi kama inafaa au ni longolongo kama mifumo mingine, sasa naandika mara moja hapa nipumzike.

Kwa asiyejua: OBIS ni hifadhi ya wazi ya rekodi za viumbe wa baharini, yaani kiumbe gani alionekana wapi, lini, na nani aliyemwona. Ilizaliwa kwenye ile sensa kubwa ya viumbe wa baharini, Census of Marine Life, iliyoanza 2000 ikamalizika 2010, na mwaka 2009 ikachukuliwa na tume ya bahari ya UNESCO, IOC, ikawekwa chini ya IODE ambao kazi ya kubadilishana data za bahari wanaifanya tangu 1961. Ofisi iko Oostende, Ubelgiji. Rekodi zimeshavuka milioni 100. Kupakua bure, kupakia bure, hakuna cha usajili wa mwaka wala "wasiliana nasi upate bei". Gharama yako ni bando na muda, na muda nitakuja kuusema maana hapo ndo penye kilio.

Sasa kwa nini mtu wa Tanga au Mombasa au Unguja ahangaike na kitu kilichoko Ubelgiji? Angalieni historia yetu. Data za bahari hii hazijaanza kukusanywa jana. Miaka ya 60 ile mwanzoni kulikuwa na msafara wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, meli kibao za nchi kibao. Mwanzoni mwa miaka ya 80 meli ya utafiti iitwayo Dr Fridtjof Nansen ilipita Kenya na Tanzania kupima samaki. 1998 matumbawe yakaungua kwa joto na watu wakahesabu maiti mwamba kwa mwamba, CORDIO, wale watafiti wa matumbawe, ndo ilizaliwa mwaka uliofuata kwa sababu hiyo. Halafu ikaja ASCLME, mradi wa mikondo ya Agulhas na Somali, nchi tisa kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini pamoja na nchi za visiwa, Nansen ikarudi tena 2008 na 2009 huko Madagaska na Komoro na Msumbiji, kila nchi ikaandika tathmini yake ya hali ya bahari, na sambamba nayo SWIOFP ya uvuvi ikiwa na ofisi yake Mombasa. Kila mradi ulikuwa na sehemu ya data. Kila mradi ulifanya semina ya data, kaka, mpaka begi la semina nililonalo nyumbani linabebea mkaa saa hizi.

Na zile data ziko wapi? Baadhi ziko salama, tusiwe watu wa kulaumu tu, kuna vituo vya data za bahari kwenye nchi zetu vilivyoanza enzi za ODINAFRICA, ule mtandao wa data za bahari wa Afrika, na vingine vinapumua mpaka leo. Ila nyingi... Niwape kisa kimoja, ofisi siitaji. Nilitumwa kufuata data za mavuno ya samaki za miaka kadhaa mfululizo, nikakabidhiwa CD mbili kwenye bahasha ya kaki. Laptopu zetu zote pale hazina sehemu ya CD. Nikazunguka mjini mpaka kwa fundi mmoja wa kuchoma nyimbo za harusi, ndo akanifungulia. Ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo haisomeki. Ya pili ilifunguka, ndani kuna picha za semina. Semina ya data! Aliyekuwa anajua mafaili halisi yako wapi alishastaafu, tukampigia, mzee wa watu akasema yalikuwa kwenye diski aliyoiacha ofisini na kompyuta ile iliuzwa kwenye mnada wa vifaa chakavu. Basi.

Ndo maana mimi nikaona sehemu ya nje ya jengo letu ni lazima, hata kama tuna seva yetu. Tovuti ya mradi hufa pale hela ya mradi inapokata, hilo halihitaji utafiti. OBIS haina "mwisho wa mradi" wa namna hiyo, ni kitu cha serikali wanachama, na huhitaji hata kuwa na seva, unapita kwenye nodi, yaani kituo kinachopokea data za eneo lenu, wao ndo wanaokuwekea. Nodi ya huku kwetu, AfrOBIS, ilianzia Afrika Kusini.

Haya tuje kwenye matumizi yenyewe.

OBIS inataka data kwa mpangilio unaoitwa Darwin Core. Ukisikia jina unadhani ni kitu cha ajabu, kumbe ni majina ya safu tu ambayo dunia nzima imekubaliana: tarehe, latitudo, longitudo, jina la kisayansi, namba ya kipekee ya rekodi, alikuwepo au hakuwepo, na ushahidi ni wa aina gani (umemwona kwa macho, una sampuli kwenye chupa, au kifaa ndo kimemrekodi). Nikasema aah, hii wiki moja. Wiki moja! Jamani.

Tarehe. Kwenye Excel zetu kuna 04/03/2011 na hakuna anayejua kama ni tarehe nne mwezi wa tatu au tarehe tatu mwezi wa nne, maana nusu ya faili iliingizwa na kompyuta iliyowekwa mtindo wa Uingereza na nusu ya Marekani. OBIS wanataka mwaka mwezi siku, 2011-03-04, full stop. Ikabidi nirudi kwenye fomu za karatasi, na bahati wakusanyaji wetu huwa wanaandika na hali ya maji, bamvua au maji mafu, na jina la siku, basi nikawa naangalia kwenye kalenda tarehe ipi iliangukia siku hiyo naamua. Jina la siku limeniokoa rekodi nyingi mno, na hakuna mtaalamu aliyewahi kunifundisha hilo kwenye semina.

Saa sasa. Mkusanyaji anaandika "saa 3 asb". Kijana wa kuingiza data amezaliwa juzi, anaandika 03:00. Kwa hiyo kwa mujibu wa database yetu wanawake wa kuchokoa pweza walikuwa mwambani saa tisa usiku wa manane, kwa wingi, kila siku. Ukiona data za Afrika Mashariki zenye samaki wengi wa usiku, kabla hujaandika makala juu ya tabia za viumbe, toa au ongeza masaa sita kwanza uone.

Na latitudo. Sisi wa Tanga tuko kusini ya ikweta, latitudo yetu ni hasi, -5 na ushee, longitudo 39. Ukisahau kale kamstari ka hasi, samaki wako tasi wa Tanga anatokea Ethiopia kusini kwa Waborana, anachunga ng'ombe. Ukigeuza safu, latitudo ikaenda kwenye longitudo, anatokea Uhispania, bara kabisa. Hivi vyote nilikuwa navyo. Na kuna kosa lingine la kimya kimya ambalo ramani haikuoneshi haraka: GPS ya zamani inasoma nyuzi na dakika, 5 nyuzi dakika 30, mtu anaandika 5.30 badala ya 5.5. Hapo umeshahamisha mtego kilomita 22 hivi, na bado uko baharini kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Hapa ndo niipe OBIS maua yake. Ile pakiti yao ya obistools kwenye R (programu ya kuchakata data kwa kuandika amri) inakuchorea pointi zilizoangukia nchi kavu, zenye kina kisichowezekana, safu zilizokosekana, inakupa orodha hii hapa kaka rekebisha. Mwanzoni R ilinitoa jasho, sitaki kudanganya, mimi niliyezoea Excel nilikuwa naona maandishi mekundu tu skrini nzima, ila binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo alikaa na mimi Jumamosi mbili tatu ikaingia. Kuna mafunzo ya OceanTeacher pia, ni ya IODE hao hao, yana kozi za mtandaoni, yachukueni.

Majina ya samaki sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo nilipofia.

OBIS inasoma majina kwa kutumia WoRMS, rejista ya dunia ya majina ya viumbe wa baharini, nayo inatunzwa huko huko Oostende kwenye taasisi ya VLIZ. Kila jina lina namba yake. Unapakia orodha yako, inakulinganishia, inakuambia hili sawa, hili limebadilika, hili sijawahi kuliona. Kwa majina ya zamani ni dawa: fomu zetu zilikuwa na Scarus sordidus, inakwambia huyo siku hizi ni Chlorurus sordidus, inakuunganishia, hujapoteza kitu. Safi kabisa.

Ila fomu zetu nyingi hazina Kilatini. Zina "changu". Zina "pono". Pono peke yake ni kabila zima la samaki. Nilienda dikoni na karatasi zangu nikamwuliza mzee mmoja anayepokea samaki pale, mzee, changu mliyoandika hapa ni yupi? Akaniangalia kama nimemwuliza maji ni yapi. "Changu ni changu mwanangu, kuna changu doa, kuna changu njana, wewe unataka yupi?" Nikamwambia mimi nataka yule wa mwaka 2009. Wakacheka pale mpaka mchuuzi wa kahawa akamwaga kahawa. Lakini yule mzee ana jibu zuri kuliko database, maana changu doa ana doa ubavuni na huyo unaweza kumfikisha mpaka Lethrinus harak, shida ni kwamba fomu yetu ilikuwa na sehemu moja tu ya "changu". Hasara ilifanyika siku fomu inachorwa ofisini na mtu asiyekula samaki.

Hizo rekodi za "changu" tu zinaingia OBIS kwa ngazi ya jenasi, Lethrinus, basi. Sio uongo, ila ni ukweli uliokatwa mkia. FishBase inasaidia, ina majina ya Kiswahili ya samaki wengi tu, lakini msiibebe kama msahafu, jina la Lamu sio la Kilwa. Na dagaa? Dagaa wa pwani sio dagaa wa Mwanza na sio dagaa wa Kigoma, ni samaki tofauti kabisa wanaogawana jina na sufuria. Ukiwa na mpango wa kitaifa unaochanganya bahari na maziwa kwenye jedwali moja, neno dagaa litakuangusha.

Mtego mbaya kuliko yote nilikutana nao kwenye mwani. Kule Unguja na Pemba kila mtu anasema cottonii na spinosum, mpaka wanunuzi, mpaka ripoti. Hayo ni majina ya biashara. Spinosum ya sokoni ni Eucheuma denticulatum, na cottonii ya sokoni ni Kappaphycus alvarezii. Sasa WoRMS ukiiandikia Kappaphycus cottonii itakubali bila wasiwasi, kwa sababu kweli upo mwani mwingine unaoitwa Kappaphycus cottonii! Haitakulalamikia, kijani kila mahali, na umeshaingiza shamba zima la mwani usiokuwepo. Mashine inajua majina, haijui soko la Paje kule Unguja.

Haya udhaifu. Kwanza, OBIS ni ya viumbe. Data zako za joto la maji na chumvi sio mahali pake, labda ziambatane na rekodi za viumbe kama vipimo vya pembeni, hizo zina hifadhi zake nyingine. Bei ya samaki, idadi ya vyombo, idadi ya wavuvi, hivyo vibaki kwenye mifumo ya idara za uvuvi. Niliwahi kuona rasimu ya mpango (ofisi siitaji tena) iliyoandikwa "data zote zitapelekwa OBIS" nikajua aliyeandika hajawahi hata kuifungua.

Pili, uzito. Vipimo inakubali vya kila aina ilimradi utaje kizio, ila vyetu ni mtungo, tenga, ndoo na debe. Hilo sio kosa lao. Mtungo una samaki wangapi? Inategemea na njaa ya siku hiyo. Tulilazimika kwenda kupima mitungo mwezi mzima ili tupate wastani, na bado kwa data za zamani nimeacha neno "mtungo" kama lilivyo badala ya kubuni kilo.

Tatu, wale waliotoka kapa. Mfumo una nafasi ya kusema "hakuwepo", na hiyo ni dhahabu kwa mtafiti, lakini wakusanyaji wetu mvuvi akirudi bila kitu hawaandiki fomu kabisa. Kwa hiyo bahari yetu kwenye data haijawahi kukosa samaki hata siku moja, wakati wavuvi wanalia.

Nne, lugha. Kila kitu Kiingereza, miongozo mirefu. Na ramani yao ukiifungua ukalinganisha pwani yetu na Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, kule kumejaa utadhani upele, huku kwetu ni madoa doa. Mtu wa nje akiangalia atadhani huku hakuna viumbe, kumbe hakuna waliopakia.

Halafu kuna hofu ya wakubwa, hii niliijibu kwenye vikao vinne: "tukiweka wazi wazungu wataandika makala kabla yetu". Hofu yenyewe sio ya kijinga, imeshatokea watu wakakuta kazi yao kwenye jarida la mtu na wao hawamo. Ila zipo leseni tatu za kuchagua, CC0 ambayo ni chukua tu, CC BY lazima anitaje, na CC BY-NC lazima anitaje na asifanyie biashara. Na hakuna anayekulazimisha kupakia leo. Mimi kwenye mpango niliandika miaka miwili mwenye data anaandika makala zake kwa raha zake, baada ya hapo zinapanda, na tarehe ya kupanda inaandikwa siku data zinapokusanywa sio siku mtu atakapojisikia. Mabishano makubwa yalikuwa hapo, wengine walitaka miaka kumi! Miaka kumi CD inakuwa imeshakufa, nimewaonesha ile bahasha.

Kuhusu viumbe nyeti, silikanti kwa mfano, yule samaki wa kale ambaye tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye majarife mpaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, au fukwe anazotagia kasa, sio lazima uweke pointi kamili. Unaweka eneo la jumla, unataja kosa la umbali ni kilomita ngapi, unaeleza kuwa umeficha kwa makusudi. Kwa hili OBIS haina shida kabisa, shida ni sisi kukumbuka kabla ya kupakia maana ukishaweka wazi ni mshale uliotoka.

Ushauri mdogo kabla sijasahau: ile namba ya kipekee ya rekodi usiweke 1, 2, 3 kama mimi nilivyofanya mwanzo. Ukipanga upya faili namba zinahama na rekodi zinakuwa watu wengine. Tumia kifupi cha eneo, tarehe, namba ya fomu, namba ya samaki, ikishatoka usiiguse mpaka kiama.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa OBIS na WoRMS pamoja nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa ajili ya lugha na kwa jinsi mgeni anavyotupwa moja kwa moja kwenye R bila hata kushikwa mkono. Kama wewe ni mwanafunzi unatafuta rekodi za pweza au nyasi bahari kwa ajili ya tasnifu, nenda leo, utapata bure. Kama wewe ndo umetupiwa kuandika mpango wa taifa kama mimi, anza na fomu ya dikoni kwanza, kaeni na wakusanyaji na yule mzee wa changu, chora safu upya, ndo uje huku, na kwenye bajeti weka mshahara wa mtu mmoja wa data ambaye mkataba wake hauishi siku mradi unapoisha. Hicho kipengele kwenye rasimu yangu kimekatwa mara mbili, nimekirudisha mara mbili. Begi za semina hazijakatwa.

Saa hizi nimebakiwa na maboksi matatu ya fomu, 2006 mpaka 2008. Juzi nimefungua la kwanza, juu kabisa kuna karatasi imeandikwa "changu, mitungo 4, saa 3, bamvua". Haikusema saa tatu ipi.